Seli haina miguu, sasa inatembeaje?

Jumamosi iliyopita tuisheni, kwenye kibanda chetu cha mabati huku Mbagala, kijana wangu mmoja wa form five kaja anachechemea, kidole gumba cha mguu kimefungwa kitambaa, kaumia kwenye chandimu na kidonda kishaanza kutunga usaha. Nikaona hapa hapa somo limejileta lenyewe, nikamwambia huo usaha sehemu kubwa ni maiti za seli nyeupe zilizokimbilia kwenye kidonda kupigana na bakteria. Akaniangalia weee, akauliza: "Ticha, zimekimbiaje na hazina miguu?"

Nikampiga chenga. Nikasema zinabebwa na damu, ambayo ni nusu ya jibu, maana damu inakufikisha kituoni tu, ukishafika lazima utoke kwenye mshipa upenye nyama kwa nguvu zako mwenyewe. Miaka yote nafundisha baiolojia hicho kipande nilikuwa nakiruka, nakiri.

Usiku nikajiunga bando nikaanza kusoma, na kusema ukweli nililala saa nane.

Iko hivi. Ndani ya seli kuna protini inaitwa aktini, ni vipunje vidogo vidogo ambavyo vikishikana vinakuwa uzi wenye upana wa nanomita 7 hivi. Seli ikitaka kwenda mbele inafuma nyuzi hizo upande wa mbele, zinasukuma utando wake utokeze kama ulimi, huku nyuma inavuta mkia na kufumua nyuzi za zamani, vipunje vinarudi kutumika tena. Yaani mguu unajengwa pale unapohitajika halafu unabomolewa. Seli nyeupe inaweza kwenda mikroni 10 hivi kwa dakika, ukizingatia unywele wako una unene wa mikroni kama 70, kwa saizi yake huo ni mwendokasi kabisa.

Sasa nani anasema nyuzi zianze kufumwa wapi na saa ngapi? Kwenye seli za damu mmoja wa wakubwa hapo ni protini inayotoka kwenye jeni inayoitwa WAS (darasani nilipoiandika ubaoni mmoja akadakia "ticha si pasti tensi hiyo", nikacheka mpaka chaki ikadondoka). Protini yenyewe inaitwa WASP, ina amino asidi 502, na muda mwingi imejikunja, mkia umejibana kwenye tumbo, haifanyi kitu. Ni dereva wa daladala aliyekaa tu kwenye usukani. Mpaka aje konda, protini nyingine inaitwa Cdc42, agonge bodi. Akigonga, WASP inajikunjua, ule mkia unashika kundi la protini 7 linaloitwa Arp2/3, na hilo kundi linaotesha tawi jipya ubavuni mwa uzi wa zamani kwa pembe ya digrii 70 hivi. Tawi juu ya tawi, utando unasukumwa, gari limeondoka.

Kilichoninyima usingizi lakini si huo ufundi, ni jinsi jeni hii ilivyojulikana. Mwaka 1937 kule Munich, Ujerumani, daktari wa watoto Alfred Wiskott aliandika habari za ndugu watatu wa kiume, wanaharisha damu, pumu ya ngozi, masikio hayaishi usaha. Dada zao wazima. Mwaka 1954 Robert Aldrich huko Marekani akaeleza ukoo mwingine ambao wavulana wanakufa hivyo hivyo kizazi hadi kizazi, akaonyesha ugonjwa unapitia kwa mama. Jeni yenyewe ikapatikana 1994, iko kwenye kromosomu X, ndo maana inawaonea wavulana, wao wana X moja tu hawana spea. Chembe sahani zao zinakuwa chache na ndogo kwahiyo damu haigandi vizuri, na seli nyeupe zinaitwa kwenye kidonda zinajikokota. Ukikuta kitoto cha kiume kina vidoadoa vya damu kwenye ngozi na pumu ya ngozi na maambukizi yasiyoisha usikimbilie kusema karogwa, kapimwe. Tiba kuu inayoponya ni kupandikizwa uloto, ile huduma ambayo Dodoma pale Benjamin Mkapa wanawafanyia watoto wa selimundu.

Na kuna wezi. Shigella, bakteria wa kuhara damu, akishaingia kwenye seli za utumbo anamnasa ndugu yake WASP aitwaye N-WASP, anajipachika kama konda feki, anagonga bodi yeye, na aktini ya kwako inamsukuma kama roketi mpaka anaingia seli ya jirani bila kutoka nje ambako kinga ingemwona. Hii niliisoma mara tatu. Mafuta yako, gari lako, abiria ni jambazi.

Jana nikawaeleza yote, na mchoro, mvua inapiga bati mpaka nikawa napiga kelele. Yule kijana hakuuliza tena. Muda ulipoisha akatoka na kidole chake, anachechemea, akafika nje akapiga bati mara mbili, pa pa: "Twende suka!"