Siku Moja Maishani Mwangu: Mchanga wa Mzee wa Mui

Saa 11:15 alfajiri

Uthiru bado ni giza na ukungu umeshuka hadi kwenye nyaya za stima. Nimeinjika chai, nimekaa kwenye stuli ya jikoni, na bado nawaza swali la jana usiku. Mwanangu wa gredi ya 5 aliniuliza kama makaa ya mawe ndiyo haya tunayonunua kwa mkebe pale kibandani. Nikamwambia la. Haya ya jiko ni mti uliochomwa juzi tu. Yale ni mimea iliyozikwa mamilioni ya miaka iliyopita ikageuka jiwe jeusi, na anayeyataka hana budi kuondoa kwanza kila kilicho juu yake.

"Na juu yake kuna nini?"

Juu yake kuna shamba la mtu. Hiyo ndiyo kazi yangu, kwa ufupi. Mimi ni fundi wa maabara ya udongo, huu mwaka wa 11.

Saa 1:30 asubuhi

Natembea kwenda kazini Kabete, dakika 25 nikikaza mwendo. Njia ya mkato ina udongo mwekundu wa huku kwetu, ule unaoganda kwenye viatu mpaka unakuongezea kimo. Ulitokana na mawe na majivu ya volkano, na kina chake ni kirefu: unaweza kuchimba mita 2 na usigonge mwamba. Nimekulia juu ya udongo huu na kwa miaka mingi niliamini kila mtu anao. Kumbe wapo watu ambao utajiri wao wote wa ardhi ni sentimita 20 za juu, na chini ya hapo ni changarawe.

Saa 2:10 asubuhi

Mezani nina kazi mbili. Ya kwanza ni mifuko 14 kutoka Bonde la Mui, kule Kitui, iliyoletwa na wakulima wenyewe. Ya pili ni ndoo 6 za kifusi alizokuja nazo mwanafunzi wa shahada ya uzamili kutoka Songea, Tanzania, amezitoa kwenye lundo la taka za mgodi mmoja wa makaa ya mawe ambao sitautaja.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba. Umelala vizuri?"

Hakulala vizuri, macho yanasema. Leo ndiyo siku ya jaribio lake.

Kifusi chake ukikishika hakikutishi. Ni vipande vya mwamba wa kijivu, laini kidogo, vinamenyeka kwa kucha. Jana tulikitwanga, tukakichekecha, tukakikoroga na maji na kupima uchachu: pH 6.1. Kipimo hicho kadiri namba inavyoshuka ndivyo uchachu unavyozidi. Mtu akiona namba hiyo atasema panda chochote unachotaka. Hapo ndipo wengi wamedanganyika. Ndani ya mwamba huo mna pairiti, madini ya chuma na salfa, ambayo yakiwa chini ya ardhi, mbali na hewa, hayamdhuru mtu. Mgodi ukishayafukua, hewa na mvua huyafikia, salfa inageuka tindikali, na tindikali inaanza kuyeyusha kila inachokikuta. Alumini, ambayo imo karibu katika kila udongo na kwa kawaida imetulia, inalegea na kuunguza ncha za mizizi. Maji yanayotiririka kutoka kwenye lundo yanaacha utando wa rangi ya chungwa kwenye mawe ya mto. Mabadiliko hayo yanaweza kuchukua miezi, yanaweza kuchukua miaka. Sisi tunayaharakisha kwa haidrojeni peroksaidi, jamaa wa dawa ile ya kuoshea vidonda, ila yetu ni kali zaidi.

Saa 2:40 tukapima gramu 2.5 za unga wake, tukaziweka kwenye chupa ndani ya kabati la kuvuta mvuke, tukamimina mililita 250. Kwa dakika kama kumi hapakuwa na kitu. Kisha vipovu vidogo vikaanza kupanda pembeni ya kioo, kimoja kimoja, kama maji ya chai yanapokaribia. Halafu ikachemka. Hatukuwa tumewasha moto. Nilimwambia aisogelee chupa, na kupitia glavu akahisi joto lake. Akaurudisha mkono, akaniangalia, hakusema kitu.

Saa 4:00 asubuhi

Povu limetulia, chupa iko juu ya bamba la moto kwa saa mbili zaidi. Nikageukia mchanga wa Mui.

Kwa asiyejua: Bonde la Mui lina makaa ya mawe, na serikali imeligawa vitalu vinne, A hadi D, kama kilomita za mraba 500 kwa jumla. Mgodi haujafunguliwa. Kule Lamu, mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 ulifutiwa leseni na jopo la kitaifa la mazingira tarehe 26 Juni 2019, na kwa watu wengi wa hapa Nairobi hadithi iliishia hapo. Watu wa Mui haijawaishia. Makaa bado yako chini yao, na wao bado wako juu wanapanda ndengu, kunde na mtama, hawajui lini gari la serikali litasimama tena chini ya mbuyu.

Sasa wamefanya jambo ambalo natamani kila kijiji chenye madini kingelifanya: wameleta mchanga wao upimwe *kabla*. Maana nitakwambia ninachokiamini, na nimekiona kwenye karatasi nyingi zilizopita mezani pangu. Ardhi ikishaharibiwa, yule aliyeiharibu ndiye anayeulizwa ilikuwaje. Nimewahi kusoma ripoti moja ya mradi, mradi wa kwingine kabisa, iliyoliita eneo la wafugaji na wakulima "ardhi isiyo na matumizi makubwa". Ukikubali sentensi hiyo, basi siku ya kurejesha ardhi mtu atamwaga mbegu za nyasi, apige picha ya kijani, aondoke. Sheria yetu ya Madini ya 2016 inamtaka mwenye leseni aweke dhamana kwa ajili ya mazingira, na hilo ni jema. Lakini dhamana itapimwa kwa kigezo gani kama hakuna aliyeandika shamba lilikuwa na nini?

Mchanga wa Mui unapita kwenye chekeche la milimita 2 bila kubishana, shaa, kama sukari. Kilichobaki juu ni vijiwe vya kwatzi, mizizi mikavu miwili, na ganda la ndengu. Ganda hilo nililiweka kando.

Saa 6:20 mchana

Simu. Ni mzee mwenye mfuko namba 9, hupiga kila wiki.

"Hujambo, mama?"

"Sijambo mzee wangu, shikamoo."

"Marahaba. Mchanga wangu umesema nini?"

Nikamsomea: pH 6.4, hiyo ni nzuri. Naitrojeni ni kidogo. Mboji haifiki asilimia 1.

"Kwa hivyo ni mchanga mbaya."

"Si mbaya, mzee. Ni mwembamba. Uhai wake wote uko hapo juu unapopitisha plau."

Akanyamaza kidogo, nikasikia mbuzi nyuma yake. "Mvua ikinyesha vizuri hapo natoa magunia 4 ya ndengu kwa ekari. Hiyo umeandika?"

Fomu yetu haina nafasi ya magunia. Ina nafasi ya fosforasi, potasiamu, kalsiamu. Nikageuza karatasi nikaandika nyuma.

Saa 6:50 mchana

Chupa imepoa. Mwanafunzi ndiye aliyetumbukiza kipimo. Namba zikashuka, zikasita, zikatua: 2.7.

Kutoka 6.1 hadi 2.7. Kila namba moja ya pH ni mara kumi, kwa hiyo huo ni uchachu ulioongezeka zaidi ya mara 2,000, na ulikuwa umejificha humo humo. Akaniuliza kama miti waliyoipanda juu ya lundo itashika. Nikamjibu ukweli: inaweza kushika msimu wa kwanza, hata wa pili, kisha itaanza kukauka kutoka juu na watu watalaumu mbuzi. Tukapiga hesabu pamoja. Kila asilimia 1 ya salfa ya pairiti katika tani moja ya kifusi inadai kilo 31 na ushei za mawe ya chokaa yaliyosagwa ili kuizima. Chake kina asilimia 2, maana yake kilo 62 kwa kila tani. Lundo lenyewe ni maelfu ya tani. Njia nyingine ni kulifunika lisipate hewa wala maji, kisha kulivika udongo safi. Udongo safi uko wapi? Ulichanganywa na kifusi siku ya kwanza greda lilipoingia. Marekani wana sheria tangu 1977 inayotaka udongo wa juu utengwe na urudishwe juu. Hata ukitengwa, ukirundikwa mlima kwa miaka mingi, kuvu wanaoshirikiana na mizizi hufa, na nyungunyungu pia, kwa kukosa hewa na mimea.

Tulikula githeri tukiwa kimya.

Saa 9:00 alasiri

Pikapu ya ofisi imenifikisha Njiru baada ya foleni ndefu ya Barabara ya Kangundo. Hatuna migodi ya makaa Nairobi, lakini tuna matimbo. Mji huu umejengwa kwa mawe yaliyokatwa ubavuni mwake wenyewe, hadi kuna mitaa inayoitwa Kware, na ni kwari hiyo hiyo ya Kiingereza. Mawe yakiisha, shimo hubaki na maji ya kijani, na kila mzazi wa huku anajua hofu yake.

Kwenye timbo hili, kikundi cha kina mama na vijana wanapanda miti mwaka wa tatu sasa. Nilikuja kupima ugumu wa ardhi. Kipimo ni pete ya chuma yenye ujazo wa sentimita za ujazo 100, unaipigilia kwa nyundo, unaitoa na udongo wake, unaukausha na kuupima. Pale lori zilipokuwa zikipita nilipiga mara 22 na ukingo wa pete ukapinda. Hatua nne kando, walipovunja kwa sururu na kuchanganya mabaki ya mboga kutoka soko la Marikiti, mapigo 5 yalitosha.

"Dada, si ni udongo ule ule?" mama mmoja akauliza, leso kiunoni, jembe begani.

Ni ule ule. Kule Appalachia, Marekani, waliposhurutishwa kurejesha milima ya makaa, walishindilia udongo kwa tingatinga usiporomoke. Nyasi ziliota, miti ikadumaa miaka mingi, hadi watu wa misitu walipogundua kwamba mita 1.2 za juu ziachwe zimelegea. Mama akacheka. Yeye na wenzake waliuacha udongo umelegea kwa sababu hawana tingatinga.

Alinionyesha mvinje mmoja. Tukafukua pembeni kidogo, kukawa na vinundu kwenye mzizi, vimeshikana kama tangawizi ndogo. Humo wamo bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewa. Nikamsimulia Bamburi, kule Mombasa, ambako mtaalamu wa kilimo René Haller alianza 1971 kupanda mivinje juu ya mwamba mtupu wa machimbo ya saruji. Majani yalianguka yakakaa tu, hayaozi, mpaka alipoleta majongoo yakayala na kuyageuza mboji. Leo ni msitu.

"Majongoo tunayo," akasema. Akainua jiwe. Walikuwapo wawili.

Saa 12:15 jioni

Nimerudi maabara kuziweka pete kwenye oveni, nyuzi 105 hadi kesho. Wengine wameondoka.

Baki la mfuko namba 9 ni kama nusu kilo. Kwa kawaida mabaki hutupwa baada ya miezi michache. Nikatafuta chupa yenye kifuniko kigumu, nikaujaza taratibu nikigonga chini utulie, na lile ganda la ndengu nikaliweka juu. Kwenye kibandiko niliandika kwa penseli, maana wino hufifia: *Mui. Sentimita 0–20. pH 6.4. Ndengu, magunia 4 kwa ekari, kwa kauli ya mwenye shamba. Hakuna mgodi.* Kisha tarehe.

Nikaipandisha rafu ya juu, upande wa ukuta usiopigwa na jua, nikafunga kabati.