Bati jeupe

Wanaopita kwetu Makorora wananiuliza mbona paa limekuwa jeupe kama kanzu ya Idi. Jamani, ni joto! Tanga hii ukifika mwezi wa pili, ndani ya nyumba ya bati hapakaliki. Bati lenye kutu linameza jua mchana kutwa, halafu linakushushia joto kitandani. Jeupe linarudisha sehemu kubwa ya jua lilikotoka.

Nimetumia rangi nyeupe ya nje, siyo chokaa. Chokaa ni rahisi mfukoni, lakini mvua inaibandua, na ikilowa inakula ile zinki ya bati. Nilisugua kutu kwa brashi ya waya, nikaosha, nikaacha likauke, kisha nikapaka asubuhi mapema kabla bati halijashika moto. Unayekinga maji ya mvua, chomoa kwanza bomba la kwenda kwenye tangi, na mvua za mwanzo ziache zimwagike.

Pia nimetoboa matundu kwenye ule ukuta wa pembetatu chini ya paa, pande zote mbili, nikaziba kwa wavu. Hewa ya moto hupanda. Ipewe njia itoke.

Feni sasa inazunguka namba moja tu, na shangazi kaacha kulala barazani. Taa za wati 60 nimeweka za LED wati 9, mwanga uleule. LUKU inapumua.

Bado friji: ukibana karatasi mlangoni inachomoka yenyewe, yaani mpira wa mlango haubani tena. Nani anajua wanakouza mpira wake hapo Ngamiani?