Siku tuliyoisubiri mashine igome

Boti yenyewe ilikuwa ya faiba, na mashine yake ya nguvu za farasi 60 iliwashwa kwa ufunguo. Msimu wa kaskazi kazi yake ilikuwa kuwapeleka wageni kuwaona papa potwe, nje kidogo ya Kilindoni, Mafia. Potwe huonekana pale tangu Oktoba mpaka Machi hivi. Ukishamkaribia unazima mashine ili watu washuke majini, na hapo ndipo taabu ya boti hii ilipoanzia. Asubuhi pwani imewaka bila shida. Katikati ya maji unageuza ufunguo, unasikia "tak", basi. Siku nyingine inawaka kutwa nzima kama haijawahi kuumwa.

Ilikuwa mwaka 2013. Nilikuwa nimemaliza shule, nafuatana na Mjomba kujifunza kazi. Mafundi wengine walishapita kwenye mashine ile. Betri ilikuwa mpya. Plagi zilikuwa mpya pia, ingawa plagi haihusiki kabisa na mashine isiyozunguka. Stata nayo, mota ndogo inayoizungusha mashine ili iwake, ilishaletwa nyingine kutoka Dar es Salaam, kwa pesa nyingi, maana nahodha alikuwa na dawa yake: akiigonga stata kwa spana, mashine inawaka. Kwa ushahidi huo, nani asingeilaumu stata? Lakini na hiyo mpya ikagoma vilevile, na nahodha akaendelea kugonga.

Mjomba alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba jambo moja. Ikigoma, mtu asiguse kitu. Asigonge, asitikise waya, asikaze nati.

"Nahodha, kila siku mnamfukuza mwizi kabla sijamwona sura," alimwambia.

Tukatoka bila wageni. Tukawasha, tukazima, tukangoja, tukawasha tena, na mashine ikawaka kila tulipoijaribu. Jua likapanda. Nahodha akaanza kunung'unikia petroli inayoungua bure, na sikumlaumu, maana mwenye boti angemdai hesabu. Mjomba akamwomba tusogee mbele zaidi, kwenye mawimbi. Kule upepo ulikuwa na nguvu na boti ikayumba sawasawa. Tukazima. Nahodha akageuza ufunguo.

Tak.

Mkono wake ukaenda kwenye spana wenyewe. "Tulia, nahodha, tulia," Mjomba akasema, na nikaona amefurahi kweli, boti ikipelekwa na maji na mashine imekufa.

Akatoa mita. Kwanza akaweka nyaya zake kwenye vichwa viwili vya betri: volti 12.4. Akaniambia nigeuze ufunguo na niushikilie. Tak, na namba ikashuka kidogo tu. "Umeona, mpwa wangu? Stata ikivuta umeme, betri lazima ishuke sana. Hii haivuti. Kuna mahali njia imefungwa." Akahamia upande wa chanya, kutoka kichwa cha betri mpaka kwenye nati ya stata. Nikageuza tena: umeme uliopotea njiani haukufika hata nusu volti. Upande huo ulikuwa mzima. Kisha akaweka waya mweusi wa mita kwenye kichwa cha hasi, mwekundu kwenye chuma cha mashine, mahali alipokwangua rangi. "Geuza."

Volti 8 na ushei. Pale palitakiwa pawe karibu na sifuri. Umeme uliopaswa kuizungusha stata ulikuwa unaishia ndani ya waya wa ethi, ule unaotoka hasi ya betri kwenda kwenye chuma cha mashine, waya ambao hakuna fundi aliyeutazama kwa sababu kwa nje ulionekana mzuri, na nati yake imekazwa.

Mjomba akaufungua, akachana ganda lake jeusi karibu na kichwa. Ndani shaba ilikuwa kijani, imeliwa na chumvi, nyuzi nyingi zimekatika na kubaki unga. Chache zilizobaki ziligusana au kuachana kadiri boti ilivyoyumba. Na kichwa cha waya huo kilikuwa kimefungwa kwenye chuma cha mashine, jirani kabisa na stata: ukiigonga stata, unautikisa waya. Dawa ya nahodha ilifanya kazi kweli, ila haikuwa ikitibu kile alichodhani.

Alikata mpaka alipoona shaba nyekundu, akaunga kipande kilichobaki ili turudi nyumbani. Alasiri tulinunua waya mnene wa betri wa lori pale Kilindoni, akaufunga mzima mpya, vichwa vyote viwili akavichomea risasi na kuvipaka grisi. Akapima tena nikiwa nimeshikilia ufunguo na stata inazunguka: hata nusu volti haikupotea.

Stata ya zamani ilikuwa imelala stoo kwa mwenye boti, ikihesabiwa mbovu. Mjomba aliifungua, akaisafisha, na mvuvi mmoja mwenye mashine ya aina ile ile akaichukua. Nilipoondoka Mafia ilikuwa bado inamwashia mashine yake.