Zamu Moja ya Gardevoir

Katika michezo ya Pokémon, ile michezo ya video ya kulea na kupiganisha viumbe vya kubuni, zimo mbinu kadhaa zinazomgharimu anayezitumia uhai wake wote. Self-Destruct na Explosion zilikuwapo tangu michezo ya kwanza ya mwaka 1996, na mwenye kuzitumia hujilipua ili amwumize adui. Memento ilikuja miaka michache baadaye, na mwenye kuitumia huzimia ili adui apungukiwe nguvu za kushambulia. Healing Wish, iliyoingia mwaka 2006 pamoja na kizazi cha nne cha michezo hiyo, ni ya namna nyingine kabisa. Anayeitumia huzimia papo hapo bila adui kuguswa hata kidogo, na Pokémon anayeingia uwanjani kushika nafasi yake hurudishiwa uhai wote na kuondolewa sumu, ganzi, usingizi au majeraha ya moto aliyokuwa nayo. Yaani tofauti na hao waliotangulia, huyu hujitoa kwa ajili ya mwenzake, wala si kwa ajili ya kumdhuru mtu. Nimecheza michezo hii tangu ujana, na kwangu hakuna mbinu inayoizidi. Niliiona ikitumika kwa mara ya kwanza mwezi Desemba mwaka 2011, barazani kwa bibi yangu, Mikindani.

Mjomba wangu alikuwa baharia, na katika safari zake alikuwa amenunua Nintendo DS iliyotumika, chombo cha mkononi cha kuchezea michezo ya video, ikiwa na kadi ya mchezo wa Pokémon Platinum. Alipokuwa nchi kavu tulimwachia acheze mwenyewe usiku. Mchana kilikuwa chetu, mimi na binti yake, ambaye alinitangulia shuleni na kwa hiyo nilimwita dada. Mchezo ulikuwa mmoja na kikosi kilikuwa kimoja, lakini kila mtu alikuwa na wanyama wake wa kulea. Wangu alikuwa Magikarp, samaki ambaye mwanzoni hana anachojua isipokuwa kurukaruka bila faida. Nilimpa jina la Dagaa, na jina hilo lilimganda hata alipofika ngazi ya 20 na kugeuka Gyarados, joka la majini lenye mdomo uliopasuka hadi mashavuni. Wa dada alikuwa Ralts, aliyemnasa kwenye nyasi za karibu na mji wa Hearthome akamlea kwa subira mpaka akawa Kirlia, na kutoka hapo, katika ngazi ya 30, Gardevoir.

Gardevoir hafundishwi Healing Wish kwa kupanda ngazi tu. Ilimbidi dada aende hadi mji wa Pastoria, kwa mtu anayewakumbusha Pokémon mbinu walizozisahau, naye hutaka alipwe Heart Scale, gamba lenye umbo la moyo. Gharama kubwa zaidi ilikuwa nyingine. Kila Pokémon ana nafasi nne tu za mbinu, na dada aliondoa shambulio zuri ili kuiweka hii, ambayo katika pambano zima Gardevoir angeweza kuitumia mara moja peke yake, na ambayo hushindwa kabisa ikiwa hakuna mwenzake aliyebaki. Nilimuuliza mara nyingi kwa nini anaharibu nafasi. Hakupenda kueleza. Alisema tu kwamba ipo siku yake.

Siku hiyo umeme ulikuwa umekatika tangu adhuhuri. Mjomba alikuwa amekwenda kupeleka korosho za bibi kwenye mzani, na bibi mwenyewe aliketi mkekani karibu yetu akibangua zile alizozibakiza kwa matumizi ya nyumbani. Viganja alivipaka majivu ili mafuta ya maganda yasimchubue ngozi, na kila punje iliyotoka nzima aliiweka upande, zilizovunjika akatupa sisi. Dada alikuwa ameshika chombo, mimi nikichungulia juu ya bega lake. Tulikuwa tumekwisha kuwapita wababe wanne wa Ligi, Aaron, Bertha, Flint na Lucian, ambao hupiganwa mmoja baada ya mwingine bila nafasi ya kwenda kutibiwa, na dawa zetu zote ziliishia njiani. Aliyesalia alikuwa bingwa, Cynthia. Tukishindwa naye, tunarudi kwa Aaron.

Mwanzo wa pambano lile naukumbuka kwa mbali. Ninachokumbuka vizuri ni kwamba Roserade, Pokémon mmoja wa Cynthia, alimtupia Dagaa takataka za sumu, na Dagaa akalewa sumu hiyo huku uhai wake ukibaki ukanda mwembamba mwekundu. Dada alimwondoa uwanjani upesi na kumtuma mwingine. Nilidhani amemwokoa kwa huruma. Kumbe alikuwa akihesabu: alijua kwamba wa mwisho wa Cynthia atakuwa Garchomp wa ngazi ya 62, ambaye ni wa aina ya joka na ya ardhi kwa pamoja, na aina hizo zote mbili huumizwa na barafu, hivyo pigo la barafu humwingia mara nne. Katika kikosi chetu aliyekuwa na barafu ni Dagaa tu, kwa meno yake ya Ice Fang.

Garchomp aliingia. Infernape wetu aliangushwa na Earthquake moja. Dada akamtoa Staraptor, ndege, ambaye tetemeko la ardhi halimgusi, na Garchomp akalazimika kutafuta pigo jingine. Hapo ndipo bahati ilipoingia, nami sitaki kuificha, kwa kuwa angeweza kuchagua vinginevyo: alitumia Giga Impact. Ni pigo zito kupita kiasi, na Staraptor hakuweza kulihimili, lakini anayelitumia hupoteza zamu inayofuata akijipumzisha. Tulibaki na wawili, Gardevoir mwenye uhai wake wote na Dagaa mwenye sumu. Ile taa ndogo ya kijani iliyo ubavuni mwa chombo ikageuka nyekundu, ishara kwamba chaji inakaribia kwisha.

Dada alimtuma Gardevoir. Skrini ya chini ilionyesha vitufe vinne vya mbinu zake, na kalamu ya kugusia ilikuwa imepotea zamani, kwa hiyo alitumia ukucha wa kidole chake cha shahada. Nilimwambia, “Dada, mpige na Psychic, huyu hawezi kukujibu zamu hii.” Alitikisa kichwa. “Nikimpiga sasa hafi, na zamu ijayo ataniua mimi, halafu Dagaa ataingia akiwa mgonjwa. Zamu hii ndiyo ya kuponya.” Akagusa Healing Wish.

Gardevoir alizimia mbele ya adui aliyesimama bila kufanya lolote. Bibi, aliyekuwa amenyanyua macho kwa sababu sisi tulinyamaza, aliuliza, “Mume wangu, mbona yule wa kike ameanguka na hakuna aliyempiga?” Nilimweleza, kwa kadiri nilivyoelewa mimi mwenyewe dakika ile, kwamba amempa mwenzake uhai wake. Bibi aliacha kubangua akasogea karibu ili aone. Dagaa aliingia, nuru ikamshukia, na ule ukanda mwekundu ukarefuka ukawa kijani hadi mwisho, na alama ya sumu ikafutika. Tena kwa kuwa Gyarados huwa na kipaji cha kumtisha adui kila anapoingia, nguvu za Garchomp zilishuka saa ileile. Ndipo nilipoona kwamba dada alikuwa amepanga mambo manne yakutane katika zamu moja: adui aliyelazimika kupumzika, afya kamili, sumu kuondoka, na kitisho.

Wapo wachezaji wanaosema kwamba Healing Wish ni mbinu ya aliyekata tamaa, inayotumiwa na Pokémon ambaye angekufa hata hivyo. Siafikiani nao. Gardevoir yule hakuwa amejeruhiwa. Alikuwa na uhai wake wote, na angeweza kupigana. Alichokitoa kilikuwa na thamani kwa sababu alikuwa nacho. Ndiyo maana pia nina maoni juu ya mabadiliko yaliyofanywa mwaka 2019 katika michezo ya Pokémon Sword na Shield, ambamo uponyaji haupotei tena ukimfikia asiyeuhitaji, bali hungoja hadi aingie mwenye jeraha au ugonjwa. Ni mabadiliko ya huruma, na yamewasaidia wengi, lakini napenda zaidi utaratibu wa zamani, uliomtaka mtoaji ajue waziwazi anampa nani. Lunar Dance ya Cresselia, ndugu wa karibu wa mbinu hii, humrudishia mwenzake hata idadi ya mara za kutumia mbinu zake, na bado sijaiona ikinigusa kwa kiasi hicho, labda kwa sababu Cresselia ni kiumbe wa hadithi anayenaswa akiwa amekwisha kukomaa, ilhali Gardevoir tulimwona akikua.

Pigo la kwanza la Dagaa lilimwondolea Garchomp zaidi ya nusu ya uhai wake. Garchomp alijibu kwa Dragon Rush, na uhai wa Dagaa ukateremka hadi karibu na katikati. Kama angeingia na ule ukanda mwekundu, pambano lingekwisha hapo. Dada hakusema kitu. Aligusa Ice Fang tena, meno yakafunga, na Garchomp akaanguka. Nilipiga kelele hadi majirani wakaitika, bibi akipiga vigelegele ingawa hakujua jina la mnyama hata mmoja isipokuwa Dagaa.

Katika ukumbi wa mabingwa mchezo uliwaonyesha wote sita, mmoja mmoja, Gardevoir akiwa miongoni mwao amesimama wima. Bibi aliuliza kama ameamka, dada akamjibu kwamba huko wote huponywa, na bibi akaridhika akarudi kwenye korosho zake. Mchezo ulijihifadhi, na muda mfupi baadaye chaji ikakatika.

Mjomba alirudi magharibi. Nilimwamkia, “Shikamoo mjomba,” na kabla hajamaliza kuitikia nikamwambia kwamba tumemshinda Cynthia. Hakuamini. Yeye mwenyewe, usiku alipocheza kwenye nafasi hiyohiyo kisha akaizima bila kuhifadhi, alikuwa ameangushwa na Garchomp yuleyule, na Gardevoir alimtumia kwa Psychic tu. Akamgeukia binti yake na kumtaka asimulie. Dada alianzia kwa Heart Scale ya Pastoria. Mjomba alisikiliza hadi mwisho akiwa bado amesimama na mizani ya mkononi begani, kisha akauliza, “Na yule Pokémon mwingine, Jirachi, naye anaijua?”

“Anaijua, baba,” dada alisema. “Na Latias pia.”