Kumbe mchawi ni kibodi!

Jana kompyuta imenitoa jasho bana, nawasha feni zinazunguka kidogo tu zinazima, kimya, nikajua tayari powa saplai (kile kiboksi cha kuipa mashine umeme) imekufa, nikachomoa RAM (kile kibao cha memori) nikaipangusa nikarudisha, wapi! Nishaanza hata kuhesabu hela ya fundi. Ndo nikakumbuka ile kibodi ya USB niliyoimwagia chai juzi (usiniulize ilikuaje), kuichomoa tu mashine ikawaka hapo hapo. Kumbe ile porti ya USB ina umeme wa volti 5, kibodi ikipiga shoti ndani powa saplai inaweza kujizima yenyewe kujilinda. Flashi mbovu nayo ishanifanyia vituko, ila hapo kompyuta iliganda tu kwenye logo maana BIOS (programu inayoamsha mashine) inaisubiri flashi ijibu na yenyewe haijibu. Kuanzia sasa ikigoma nachomoa vyote vya nje nabakiza skrini, ikiwaka narudisha kimoja kimoja. Kibodi nimeianika juani, wife anacheka tu.