Mfuniko wa 504

Mwaka 2014, Mombasa, mzee mmoja aliniletea Peugeot 504 yake ya mwaka 1982. Injini yake ilikuwa safi, na viti vilikuwa vimeshonwa upya kwa reksini. Alichotaka kwangu ni kitu kimoja tu: mfuniko wa kile kisanduku cha dashibodi kilicho mbele ya abiria. Ulikuwa umejikunja kama papadi na kufuli haikuuma tena, kwa hiyo kila tuta la barabarani ulimwangukia mkewe magotini.

504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, na mzee hakukosa kulitaja hilo. Lakini Ufaransa iliacha kuunda zile za abiria mwaka 1983, na spea za ndani ndizo za kwanza kuadimika. Pampu ya maji utaipata. Kipande cha plastiki cha dashibodi utakitafuta mpaka uchoke, na ukikipata Ulaya lazima uulize kwanza kimetoka gari la usukani wa upande gani.

Nikaamua kuumimina kwa faiba, yaani nyuzi za kioo zilizoshikwa na rezini, plastiki ya maji inayogandishwa. Kazi hiyo naijua kwenye mabampa na boti, nikadhani mfuniko ni bampa dogo. Nikaupaka nta mfuniko wa asili, nikapaka jelikoti, ile rezini nzito ya tabaka la uso, nikalaza mkeka wa faiba, na siku ya pili nikabandua kalibu, yaani umbo la kumiminia. Nikamimina mfuniko mpya, nikaupeleka kwa mzee huku nang'ara.

Akaujaribu kwenye nafasi yake. Kimya kidogo. Kisha akasema, "Fundi, huu ni ule ule mbovu wangu, ila umekuwa mpya."

Kalibu haijui umbo lililokusudiwa kiwandani. Inajua umbo lililo mbele yake, na mimi niliweka mbele yake kitu kilichopigwa na jua miaka 32. Nilipolaza rula ya chuma juu ya mfuniko wa asili, katikati palikuwa pameinuka milimita 7. Kazi ya dakika moja, ambayo ningeifanya kabla ya kufungua kopo la nta.

Kulikuwa na kosa la pili, na hili liliniuma zaidi kwa sababu mali haikuwa yangu. Kona ya chini ya mfuniko wa asili ililainika na nakshi yake ya ngozi ikafutika. Jelikoti na rezini ya polyester zina stirini ndani yake, kiyeyushi kinachokula plastiki ya ABS, na mfuniko ulikuwa wa plastiki hiyo. Nta peke yake si kinga. Kuitambua ABS si kazi: kata ukwangu nyuma ya kipande, utie majini. Polipropileni huelea, ABS huzama. Kisha gusa ukwangu huo kwa asetoni. Ukinata, yaelekea ndiyo yenyewe. Jaribio hilo pia nililifanya baada ya hasara.

Nikarudi mwanzo, safari hii nikianza na mfuniko wa asili wenyewe. ABS huanza kulegea karibu na nyuzi joto 100. Niliupasha kwa mashine ya hewa moto kutoka upande wa nyuma, nikizungusha bila kusimama mahali pamoja, kwa sababu nakshi ikipata joto kali hung'aa na haifichiki tena. Ulipolegea niliubana kati ya mbao mbili zilizofunikwa kitambaa, na katikati nikatia kipande cha milimita 3 ili ujikunje kinyume kidogo, maana plastiki ikipoa hurudi nyuma. Nikauacha ulale usiku kucha. Milimita 7 zikawa 3. Nikarudia, ikabaki 1.

Nyufa za kwenye bawaba niliziba kwa plastiki ya jamii yake: kasha la kompyuta kuukuu lenye chapa ABS kwa ndani, likakatwakatwa na kulowekwa katika asetoni ndani ya chupa ya kioo mpaka likawa kama uji mzito. Ni tabaka jembamba kwa nyuma, siku nzima ya kukauka, kisha jingine. Ukipaka nene kwa pupa, asetoni hunaswa ndani na pale hubaki laini kama jibini.

Ile kona niliyoila mimi ndiyo iliyonipa shughuli. Nilichukua silikoni ya gasketi, ile yenye harufu ya siki, nikaikanda na kornifulawa mpaka ikaacha kunata vidoleni, nikaigandamiza kwenye kona nzima ya upande wa pili. Bila unga, silikoni nene huganda juu tu na ndani hubaki mbichi. Nilipoibandua nilikuwa na muhuri wa nakshi. Nikapaka fila laini kwenye kona iliyoharibika, nene kama karatasi mbili, nikapiga muhuri na kuuacha mpaka fila iwe ngumu. Ukiangalia kwa karibu unaona mpaka. Rangi ikishapita, huoni.

Kabla ya kalibu mpya niliupulizia rangi ya vikopo viwili, tabaka za kwanza zikiwa vumbi tu ili thina isile plastiki. Kisha nta tabaka tano nyembamba, nikiisugua kwa mswaki kila mara, kwa sababu nta ikijaa kwenye nakshi kalibu hutoka kipara. Juu yake PVA ya kupulizia, utando unaozuia kunata na unaotoka kwa maji. Hadina, dawa ya kugandisha rezini, niliweka asilimia 1 na kazi nikaifanya alfajiri. Kwa joto la Mombasa, mchana asilimia 2 huganda ndani ya kopo ukiwa bado unatafuta brashi. Mikeka miwili kwanza, mingine kesho yake. Ukiweka yote kwa mpigo, rezini huchemka, husinyaa na kuvuta umbo.

Mfuniko wenyewe ulikuwa jelikoti nyeusi, mkeka mmoja wa gramu 300 kwa mita ya mraba na miwili ya 450, karibu milimita 3 kwa jumla. Kwenye bawaba na kufuli nilizika vipande vya aluminiamu vyenye matundu ya skrubu za M4, za milimita 4, maana skrubu kwenye faiba tupu hung'oka. Kisha, badala ya kuubandua, niliuacha ndani ya kalibu yake, nikauweka kwenye gari lililofungwa vioo juani siku mbili. Dashibodi juani hupita nyuzi 70. Rezini ambayo haijaiva sawasawa hulegea kwa joto hilo, na bora iive ikiwa imeshikwa na kalibu kuliko ikiwa imening'inia kwa bawaba mbili.

Nikauosha kwa maji kutoa PVA, nikapulizia rangi nyeusi isiyong'aa, nikaufunga. Nafasi pembeni tulipima kwa kadi za benki za mzee. Kushoto zilipita tatu. Kulia zilipita mbili na ya tatu ikakwama. Mzee akaitazama ile kadi iliyokwama, akaichomoa, akafunga mfuniko, akaufungua, akaufunga tena.

"Na ule wa zamani?" akauliza.

Nikampa. Akaufunga kwenye gazeti, akauweka kwenye buti.