Silva ukiinywa inaenda wapi? Mimi na mama mkubwa na glasi ya chumvi, Nkuhungu

Jumamosi iliyopita nilienda Nkuhungu, hapa Dodoma, kumsalimia mama mkubwa, nimekaa hata chai sijaimaliza akanitolea chupa ya plastiki ya nusu lita, akaniambia mwanangu wewe si unafundisha kemia, hebu niangalizie hii dawa. Karatasi ya juu imeandikwa silva ya koloidi, ppm 20 (yaani miligramu 20 za silva kwa lita), kijiko kikubwa mara tatu kwa siku, inaua bakteria, virusi na fangasi, inasafisha damu. Kanunua kwa jamaa anayepita majumbani na begi. Ana siku nne anakunywa, na wakati huohuo anameza doksi, yaani antibayotiki ya doksisaiklini, alizoandikiwa zahanati. Kwa kweli niliogopa, na naandika haya kwa sababu chupa kama zile zimeshaingia nyumba nyingi mtaani.

Tuanze na kilichomo. Silva, yaani madini ya fedha, kwenye chupa hizi inakaa kwa namna mbili. Kuna chembe za silva yenyewe, ndogo mno, kuanzia nanomita 1 mpaka 100 hivi (milimita moja ina nanomita milioni), zinaelea kwenye maji bila kuzama, halafu kuna ayoni, yaani atomu ya silva iliyopoteza elektroni moja na ikayeyuka kabisa. Chembe zikiwa nyingi maji yanakuwa na umanjano kidogo, yakiwa maangavu kama ya kunywa basi silva nyingi imo kama ayoni. Ya mama mkubwa yalikuwa maangavu.

Nikamwomba glasi na chumvi ya mezani. Nikamimina silva robo glasi, nikakoroga chumvi kwenye maji kidogo pembeni, nikaweka sweta jeusi la shule la mjukuu wake nyuma ya glasi ili tuone vizuri, nikadondoshea. Palepale likatokea wingu jembamba jeupe, kama tone la maziwa limeanguka kwenye maji. Ile ni silva kloridi. Kila aliyesoma kemia sekondari analijua hilo wingu, ndo linatumika kupimia chumvi kwenye maji, na kwa sisi wa Dodoma tunaokunywa maji ya visima vya chumvi chumvi hii habari iko karibu kabisa. Nikamwambia sasa mama, hili unaloliona kwenye glasi ndo la kwanza linalotokea tumboni, maana asidi ya tumbo ni haidrojeni na kloridi.

Lakini haiishii hapo, na hapa ndo wauzaji wanapotumia ujanja kusema "inatoka yote". Silva kloridi haiyeyuki kirahisi ni kweli, na sehemu kubwa ya silva unayokunywa inatoka na choo. Ila tumboni kloridi ni nyingi sana kuliko silva, na kloridi ikizidi namna hiyo sehemu ya silva inashikwa na kloridi mbili badala ya moja na inarudi kuyeyuka. Zile chembe nazo hazikai salama, asidi na oksijeni zinazila polepole zinaachia ayoni. Kwa hiyo kuna kiasi kinapenya utumbo, makadirio ya kawaida ni chini ya asilimia 10, kinaingia kwenye damu.

Huko kwenye damu silva haitembei peke yake hata kidogo. Silva inapenda salfa sana, ndo maana bangili ya fedha ikikaa inakuwa nyeusi. Na mwili wetu umejaa salfa, iko kwenye albumini, protini ya damu, iko kwenye glutathioni, molekuli ndogo iliyomo ndani ya seli, iko kwenye protini za ini. Ayoni ya silva ikifika inadakwa hapohapo. Ndo maana hii habari ya kusafisha damu siikubali kabisa: kwenye maji matupu ya glasi silva inaua bakteria kwa sababu inakamata salfa ya protini za yule bakteria, sasa ndani ya mtu kabla haijamfikia bakteria yeyote imeshakamatwa na kloridi ya damu, ambayo ni nyingi sana, na protini zako mwenyewe. Inafanya kazi juu ya ngozi iliyoungua, ile krimu ya silva salfadiazini hospitalini ni dawa ya kweli, lakini pale inapakwa kwenye kidonda, hainywewi.

Mama mkubwa akauliza, sasa hiyo iliyodakwa inaenda wapi? Nyingine ini linaitoa kupitia nyongo. Inayobaki inasafiri mpaka kwenye ngozi na kutulia kuzunguka tezi za jasho, na jua linamalizia kazi. Mwanga ukiipiga ayoni ya silva inarudi kuwa silva halisi, kitu kilekile kilichokuwa kinatokea kwenye filamu za picha za studio zamani. Halafu ile silva inageuka kuwa silva salfaidi, na baadaye seleniamu, madini mengine yaliyomo mwilini, inaingia mahali pa salfa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown kule Marekani waliieleza safari hii yote kwenye utafiti wao wa 2012, tumbo, damu, mwanga, salfa, seleniamu. Ikishafika hapo haiyeyuki tena, haina dawa ya kuitoa. Hali hiyo inaitwa argiria, ngozi inakuwa ya kijivu cha bluu, zaidi usoni na mikononi panapopigwa jua. Kwa sisi weusi angalia kwenye kucha, ufizi na weupe wa macho.

Marekani wapo waliojulikana dunia nzima kwa hili, Stan Jones wa Montana aliyeanza kunywa 1999 akihofia antibayotiki zitaadimika mwaka 2000 ukiingia, na Paul Karason aliyekuwa anajitengenezea mwenyewe nyumbani. Mwaka huohuo wa 1999 mamlaka ya dawa ya kule, FDA, ikasema dawa za dukani zenye silva ya koloidi hazitambuliki kuwa salama wala kwamba zinatibu.

Nikachukua kalamu tukapiga hesabu. Vijiko vitatu vikubwa ni mililita 45, kwa ppm 20 ni miligramu 0.9 kwa siku. Kiwango cha juu cha EPA, mamlaka ya mazingira ya Marekani, kwa mtu wa kilo 70 ni miligramu 0.35 kwa siku. Amezidisha mara mbili na nusu, na hapo ni kama ile 20 ya kwenye karatasi ni ya kweli, maana nani kaipima? Siku nne ni miligramu 3.6, hiyo haitambadilisha rangi, wanaobadilika ni wa miezi na miaka, nilimwambia hivyo asilale na hofu. Kilichoniuma zaidi ni zile doksi. Silva inaweza kuzuia antibayotiki kama doksi isinyonywe vizuri, kwa hiyo anayejitibu mara mbili anaweza akawa hajitibu hata mara moja. Nikamwambia Jumatatu arudi zahanati awaambie alikuwa anakunywa nini, awape na chupa waione.

Glasi tulikuwa tumeisahau kwenye ngazi ya baraza. Saa tisa tukaikuta imepigwa na jua la mchana kutwa, na lile wingu lililokuwa jeupe limetulia chini, limekuwa la majivu yenye uzambarau. Mama mkubwa akainama akaliangalia muda mrefu, akanyoosha vidole vyake juani akaangalia kucha moja moja. Nilipotaka kuimwaga akanizuia, akasema iache hapohapo, jirani ana chupa ya pili sasa, nataka aje aione.